Bango Lililomaliziwa na Mkono Mwingine

Jumanne, 9 Septemba

Kwako Shangazi wa Ukurasa wa Ushauri,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakusoma kazini wakati pasi inapata moto, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ningeshika kalamu kukusumbua, kwa sababu wanaokuandikia wengi wana mambo mazito, mume kakimbia, mtoto kapotea njia, na langu ukilitazama haraka haraka utasema huyu mama hana kazi ya kufanya. Lakini limenikaa kooni, halishuki wala halipandi, ndiyo maana naomba unisaidie.

Mimi ni mjane. Nafanya kazi kwenye duka la dobi, napiga pasi mashati na mashuka, na shule yangu iliishia ya msingi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango, yale maandishi unayoyaona juu ya milango ya maduka na kwenye kuta, saluni, kinyozi, duka la dawa, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Herufi. Hata mimi nilimwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa nilikuja kulisikia likitajwa sana siku ya maziko, nikahisi wanamzika mtu mwingine.

Sasa nikueleze alivyofanya kazi, maana bila hivyo hutanielewa. Hakupaka rangi moja kwa moja. Kwanza alichora maneno yote kwa chaki, halafu alimtoa mwenye duka nje, akamvusha barabara, akamsimamisha upande wa pili na kumwambia atazame vizuri na akatae anachotaka kukataa. Wengine waliona haya, wakasema ni sawa tu fundi, endelea, naye hakukubali. Aliwaambia, "Kataa sasa hivi, bado ni chaki. Rangi ikikauka utakuja kuninunia." Basi mtu atasema herufi ni nene mno, au jina la duka limebanwa na mlango, na yeye anafuta kwa kitambaa chenye maji anaanza upya huku anapiga mluzi. Akishamaliza kabisa na rangi imekauka, ndipo aliandika pembeni chini, kwa maandishi madogo, Herufi, na namba yake ya simu. Simu hiyo ninayo mimi. Bado naichaji, kwa sababu watu wanaiona namba kwenye mabango ya zamani wanapiga wakitaka kazi, nami napokea na kuwaambia fundi hayupo, basi, sisemi zaidi, na wengine husema watapiga tena.

Mwaka jana aliugua akiwa katikati ya bango la duka la dawa, mtaa wa nyuma ya soko. Neno la kwanza alishalipaka, yaliyobaki yalikuwa bado chaki. Alirudi nyumbani mchana, brashi zake amezifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa kama kawaida yake, akasema amechoka kidogo, atamalizia kesho. Kesho yake hakuinuka kitandani, tukampeleka hospitali, na hakurudi tena. Katikati ya hayo mvua ilinyesha ikaiosha ile chaki yote. Baadaye mwenye duka, wala simlaumu, alitafuta fundi mwingine akamalizia, na nyekundu aliyotumia siyo ile, yake inang'aa kama plastiki na ya mume wangu ilikuwa imetulia, na pembeni chini ameweka jina lake na namba yake. Ni haki yake, ndiye aliyemaliza. Lakini mimi siku hizi nikitoka kazini nazunguka kwa mtaa wa shule, japo ni mbali, nisipite pale.

Baada ya msiba watu waliondoka mmoja mmoja, watoto wetu wakarudi kwenye nyumba zao, na mimi nikagundua kwamba naanza kusahau. Siyo mambo makubwa. Siku moja nilishindwa kukumbuka ni nyuma ya sikio lipi alichomeka chaki. Nilishtuka, nikachukua karatasi nikaanza kuandika kila kilichobaki, alivyojaribu rangi kwenye fremu ya mlango wa chumba chetu, na michirizi ipo mpaka leo, kijani, bluu, ile nyekundu, alivyokuwa hawezi kula hotelini bila kuinuka kwenda kusimama mbali kutazama maandishi ya ukutani, chakula kinapoa na mimi naona aibu, alivyonisomea kuta za barabarani kama wengine wanavyosomewa barua. Mwanzoni niliandika ili nisisahau, halafu nikaona naipanga, nabadilisha sentensi, nafuta, naanza tena, na moyo unapata nafuu, mpaka nikaelewa kwamba ninachoandika ni hadithi na kwamba napenda kuandika. Naona haya hata kulisema, Shangazi, mtu mzima kama mimi.

Kazini nina mwenzangu tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye ndiye niliyemsomea kwanza, tukiwa tunakunja mashuka, akacheka pale pa hotelini, akanyamaza pale pa simu, na kumnyamazisha Redio si kazi ndogo. Akaniambia nipeleke gazetini, kuna ukurasa wa hadithi kila Jumapili. Nilipomwambia naogopa watakataa akasema, "Dada, wakikataa wamekataa karatasi, kwani watakuja kukuvua gauni?" Toka hapo kila asubuhi ikawa shikamoo mwandishi, mwandishi mbona kola hii imekushinda, mwandishi sogea nipite.

Nikapata moyo, nikamsomea na wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye tunapendana. Alisikiliza ameegemea ukuta, anatikisa kichwa, mpaka karibu na mwisho. Mwishoni mwa hadithi yangu mume wangu anaamka asubuhi amepona, anadai brashi zake, tunakwenda wote mpaka lile duka la dawa, anamalizia bango, na mimi nimesimama upande wa pili wa barabara namwambia kulia kidogo, kushoto kidogo. Wifi alikusanya vikombe, vingine vina chai bado, akaenda kuviosha, na aliporudi akasema, "Huyu wa mwisho mimi simjui, wifi." Tukaongea mengine. Tangu siku hiyo nikajua hadithi yangu ni mbaya.

Lakini Redio hakuniacha. Basi nikafanya hivi, niliinakili kwa mwandiko mzuri nikaileta mwenyewe hapo kwenu, nikaitumbukiza kwenye lile sanduku la getini, ila sikuweka jina, wala namba, wala anwani. Niliwaza kwamba wakiipenda wataichapa nami nitaiona Jumapili, na wakiikataa hawatakuwa na pa kunipata, hakuna atakayenipigia simu kuniambia hapana. Nilijiona mjanja. Kumbe nimejifungia mwenyewe nje, kwa sababu kila Jumapili naufungua ule ukurasa, haipo, na sijui kama imekataliwa au haijasomwa au imeliwa na panya, kwa hiyo kila wiki ni kama nakataliwa upya. Redio ameacha kunitania. Hilo nalo linaniuma, sikutegemea.

Na kiini chenyewe ni hiki. Ningekuwa nimeandika juu ya mtu wa kubuni nisingeogopa hivi. Wakisema hadithi haifai, mimi nitasikia wanasema Herufi hafai, kwamba maisha yake yote, na chaki yake na mluzi wake, hayatoshi ukurasa mmoja wa gazeti. Bango lake la mwisho lina jina la mtu mwingine, na hii hadithi ndiyo kitu pekee nilichofikiri naweza kumwandikia mimi. Ikikataliwa nitakuwa nimempoteza tena. Je, niache, nibaki na pasi zangu na kumkumbuka kimya kimya? Au kuna namna ya kuuondoa woga huu, na wengine wanawezaje?

Nisamehe kwa urefu. Sina mtu mwingine wa kumuuliza ambaye hatanionea huruma. Unikumbuke, hata kwa mistari miwili.

Mpiga Pasi

SHANGAZI ANAJIBU

Mpiga Pasi, pole sana kwa msiba. Nalisema mara moja, tena kutoka moyoni, kisha tuingie kazini, maana umetaka mtu asiyekuonea huruma.

Kwanza nakugombeza. Umegonga mlango wetu ukakimbia, halafu umekaa nyumbani unasikitika kwamba hakuna aliyekufungulia. Tungekufungulia wapi? Gazeti halichapi hadithi isiyojulikana ni ya nani. Mhariri hajui kama umeiandika wewe au umeinakili kwa mtu, na hana wa kumuuliza. Kwa hiyo hata angeipenda namna gani, wewe ulishaikataa kabla yake, pale pale getini. Kisha umekuja kwenye ukurasa wangu, kupitia sanduku lile lile, kwa sababu huku hatuombi jina. Nimekuona.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilishuka chini kwa mhariri wa ukurasa wa hadithi. Huyu bwana ana meza ambayo huioni kwa wingi wa karatasi, na hapendi kuulizwa kitu kabla hajanywa chai. Nikamuuliza kama alipata hadithi ya fundi wa mabango isiyo na jina. Nilidhani atafukua. Hakufukua. Alivuta droo, akaitoa, ilikuwa juu kabisa. Akaniambia alishawahi kumuuliza mlinzi ni nani aliyeileta, na mlinzi alikumbuka tu mama mmoja aliyeondoka mbio mbio kama ameacha jungu jikoni.

Sasa simamisha pasi, uvute kiti. Nikamuuliza kama ataichapa. Akasema hapana.

Hadithi yako imekataliwa, Mpiga Pasi. Nimeliandika hapa gazetini, mbele ya wasomaji wote, ili usiwe na pa kulikwepa. Lisome tena taratibu. Haya, ukirudi nyumbani tazama chumba chenu. Mlango upo, na michirizi ya rangi kwenye fremu ipo. Hakuna aliyeingia kuifuta. Neno ulilolikimbia muda wote huu limekukuta, na wewe bado unasoma, kwa sababu unataka kujua mhariri alisema nini zaidi. Shika hamu hiyo. Umeniuliza wengine wanawezaje. Hawawezi, wanaogopa kama wewe. Nimeona kwenye korido hii mtu mwenye mvi zake, ameandika miaka na miaka, anatoka kwa mhariri anainama kufunga kamba za viatu ili asionekane uso, na viatu vyenyewe havina kamba. Mwezi uliofuata alirudi. Alitaka kujua kama safari hii amepata.

Nilimwomba mhariri arudie maneno yake polepole niyaandike. Alisema, "Mtu huyu nilimwamini kila neno mpaka asubuhi mgonjwa anaamka. Hapo akaanza kunidanganya. Muulize bango lilimaliziwa na nani."

Tafadhali elewa kwamba mhariri hajaisoma barua yako. Hamjui wifi yako, na wifi yako hamjui yeye, lakini wote wawili wamekwama mahali pale pale. Na wifi hakukuambia kwamba hadithi ni mbaya, hilo umeliongeza mwenyewe. Alisema wa mwisho hamjui. Basi wa mwanzo alimjua. Kurasa zote zile alikuwa amekaa na kaka yake, anatikisa kichwa, halafu ukamwingizia mgeni aliyevaa sura ya kaka yake, mzima wa afya, anadai brashi. Unashangaa akienda kuosha vikombe vyenye chai? Mimi naona mtu aliyetafuta pa kulilia. Ulipaswa kumfuata jikoni.

Unasema wakiikataa hadithi wamemkataa Herufi. Hapo naomba uache. Herufi hayumo kwenye droo ya mhariri. Mle mna karatasi zako, kazi yako, sentensi zako nzuri na mbovu, na kama kuna aliyeshindwa ukurasa wa mwisho ni wewe. Marehemu umemsimamisha mbele yako ili yeye ndiye apigwe na hilo neno hapana. Mwache apumzike. Wewe ndiye unayeandika, basi likupate wewe.

Tena umenishangaza. Umeishi na mtu ambaye kila siku ya kazi aliwavusha watu barabara ili wamkatae. Aliwabembeleza wamkatae. Kitambaa alichofutia chaki bila shaka ulikifua wewe. Hukuona kwamba unachokiogopa ndicho alichokuwa anakiomba, tena anapiga mluzi? Hadithi yako bado ni chaki, mama. Mhariri amesimama ng'ambo, ametazama, amesema mwanzoni kuko sawa, ila mwishoni siyo. Chukua kitambaa chenye maji.

Na mwisho wenyewe unao tayari, umeniandikia mimi. Mvua iliyoosha chaki. Nyekundu inayong'aa kama plastiki kando ya ile iliyotulia. Jina la mtu mwingine pembeni chini, na mjane anayesema ni haki yake, ndiye aliyemaliza, halafu anazunguka kwa mtaa wa shule. Sehemu hiyo niliisoma nimesimama, nimesahau kukaa. Uliiandika vizuri kwa kuwa hukufikiri kuna mtu atakupima. Najua kwa nini hukuiweka kwenye hadithi. Ulitaka angalau kwenye karatasi amalize mwenyewe. Ni pendo, nalielewa, ila msomaji anajua akidanganywa, na wifi anajua zaidi.

Basi fanya hivi. Jumamosi ukitoka kazini usizunguke. Mchukue wifi yako, mwende mtaa wa nyuma ya soko, msimame upande wa pili wa barabara mlitazame bango lote, neno lake na maneno ya mwenzake. Mkae hapo mpaka mtakapochoka. Siku hiyo usiandike kitu. Ukiwa tayari, andika mwisho kama ulivyokuwa, umsomee wifi, na akiinuka tena na vikombe, safari hii umfuate.

Kisha ilete. Usiitumbukize ukakimbia, mpe mlinzi mkononi, anakutafuta. Na pembeni chini, kwa maandishi madogo, weka jina lako na namba ya simu, kama wanavyofanya mafundi. Kama yako huna moyo wa kuiweka, weka ile unayoichaji.

Siwezi kukuahidi kwamba itachapwa. Mhariri wetu ana kichwa kigumu, anaweza kuikataa tena, na akiikataa utamuuliza ni wapi, utarekebisha, au utaipeleka gazeti jingine, na huku unaandika ya pili. Ya pili itauma kidogo kuliko hii. Ya tatu utaisimulia kazini mkicheka, kwa hiyo mruhusu Redio aanze tena na shikamoo zake, anakuogopa bure.

Ila simu hiyo ikilia na mtu akajitambulisha kwamba anatoka gazetini, usimwambie fundi hayupo. Mwambie mwandishi ndiye anayeongea.

Na siku hiyo mtakaposimama ng'ambo ya barabara, wewe na wifi yako, mnikumbuke na mimi.

Shangazi